Siku tano Kilwa: nanga, matope na magofu ya Songo Mnara

Nimeiandika safari hii wiki tatu baada ya kurudi nyumbani, kwa msaada wa daftari lililolowa maji ya chumvi na picha zilizomo kwenye simu ya binamu yangu, aliyekuwa mwenzangu tangu mwanzo hadi mwisho. Nia yetu ilikuwa kufika kisiwa cha Songo Mnara kwa chombo cha tanga, kutia nanga huko na kuamkia kisiwani, badala ya kwenda kwa boti ya mashine na kurudi siku hiyo hiyo kama wageni wengi wanavyofanya. Tarehe niliichagua kwa kutazama likizo yangu. Sikutazama mwezi, na kosa hilo ndilo lililoamua karibu kila jambo lililotufika.

Alhamisi, 17 Oktoba 2024. Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko

Tulipanda basi Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, nauli shilingi 17,000 kwa kila mmoja. Umbali ni kama kilomita 300, na barabara yote sasa ina lami. Hadi Daraja la Mkapa, linalovuka Rufiji tangu 2003, hapakuwa na la kusimulia. Somanga basi lilipunguza mwendo na kupita taratibu mahali ambapo kimbunga Hidaya kilikata barabara mwezi Mei, na kupitia dirishani tuliona vifusi na mitambo ya ujenzi vikiwa bado kazini. Mama mmoja aliyeketi nasi alituambia kwamba siku zile alilala barabarani usiku mbili, na kwamba wenyeji waliwapikia abiria uji bila kudai chochote. Kisha akatumegea korosho zake, akazikung'uta kwanza maganda kwenye kanga ili tusipate taabu.

Nangurukuru ndiyo njia panda: ukiendelea mbele unakwenda Lindi, ukikata kushoto unaingia Kilwa. Saa saba mchana tulikuwa Masoko, na chumba cha watu wawili tulikipata kwa shilingi 30,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Jioni tulishuka ufukweni kutafuta chombo. Watu watatu tofauti walituelekeza kwa nahodha mmoja, mzee wa miaka sitini na ushee, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mashua yake akishona tanga. Tukamwamkia, naye akaitikia bila kuinua macho mpaka alipomaliza mshono.

"Marahaba, wanangu. Songo Mnara mnataka kwenda lini?"

"Jumamosi, mzee, Mungu akijalia."

Akafikiri kidogo. "Jumamosi ni bamvua. Maji yatajaa sana, tena yatakupwa sana. Kwenda tutakwenda. Ila tukifika kule, la maji mtanisikiliza mimi."

Tukakubali kwa moyo mmoja. Bei tuliyopatana ni shilingi 360,000 kwa siku tatu, humo mkiwa chombo, yeye mwenyewe na mpwa wake ambaye ndiye baharia. Chakula cha wote wanne kilikuwa juu yetu, pamoja na petroli ya mashine ndogo ya akiba, iliyogharimu shilingi 45,000.

Kwa atakayefuata, jambo hili lijulikane kabla ya tiketi ya basi. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na siku hizo maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, kisha hukupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika arubaini hadi hamsini. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana. Kilwa, tofauti ya maji makuu na maji makavu siku za bamvua huzidi mita tatu, yaani urefu wa nyumba ya chini. Sisi tulifika siku yenyewe ya mwezi mpevu.

Ijumaa, 18 Oktoba. Vibali, manunuzi na Kisiwani

Asubuhi ilikwisha kwenye kibali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kujiandikisha na kulipa. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unarudi na ujumbe. Mtandao ulikuwa umelala, nasi tukangoja saa mbili na nusu kwenye benchi. Kijana wa pale ofisini alitumia muda huo kumpigia simu mwongozo anayeishi Songo Mnara kwenyewe, akamwarifu pia mwenyekiti wa kijiji kwamba wageni wawili watalala chomboni mbele ya kisiwa. Simu hiyo ilitufaa kuliko kibali chenyewe. Atakayependa kulala huko asiache kuiomba.

Sokoni tulinunua mchele kilo tatu, nazi sita, ndimu, vitunguu, muhogo, mkaa, na maji ya kunywa lita arubaini. Nahodha aliyatazama maji, akasema tuongeze dumu moja. Tukaongeza.

Alasiri tulivuka kwenda Kisiwani kwa mashua ya abiria, kama nusu saa kwa tanga. Habari za Kisiwani zimekwisha kuandikwa na wengi, kwa hiyo nitataja mawili tu. La kwanza ni Msikiti Mkuu wakati jua linapoelekea kuzama. Sehemu yake ya kaskazini ilijengwa kabla ya ile kubwa yenye makuba, iliyoongezwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331. Mwanga huingia baina ya nguzo ukiwa umelala, na ndani kunapoa ghafla kama mtungini.

La pili ni sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na majina ya masultani yamo juu yake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache ufukweni katika kisiwa kisichokaliwa na watu cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje? Nimesoma maelezo mbalimbali na hakuna lililoniridhisha. Nikiwa nimesimama pale nikitazama vyombo vikigeuza omo zao, yaani sehemu za mbele, kufuata mkondo, niliona kwamba swali lenyewe linaipa bahari ile ukubwa wake halisi.

Jumamosi, 19 Oktoba. Baharini, na nanga ya kwanza

Nahodha alikataa kung'oa nanga kabla ya saa nne. Alitaka tutoke bandarini na maji yanayokupwa, kisha tuingie Songo Mnara na maji yanayojaa, ili mkondo utusukume kwenda na kuingia. Oktoba ni wakati wa maleleji: kusi, upepo wa kusini, imechoka na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijaanza, na upepo wa asubuhi huwa mwepesi. Tulipotoka nje tukaukuta kidogo unatoka kusini mashariki, yaani karibu usoni, tukalazimika kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata upande huu na huu. Kila tulipobisha, kijana, mpwa wa nahodha, alikimbia omoni kuizungusha foromali, ule mti unaoshika tanga, upande wa pili wa mlingoti, nasi abiria tukahamia upande wa goshi, unakotoka upepo, pamoja na madumu ya maji. Mara mbili pomboo walitufuata.

Saa tisa alasiri tukaingia maji ya ndani, na mikoko ya Songo Mnara ikafunguka mbele yetu. Kutoka majini huoni mji wowote. Unaona ukuta wa kijani, mbuyu mmoja au miwili iliyozidi kimo, na kati ya majani, mahali pamoja, kitu cha kijivu kilichonyooka kupita kiasi kuwa mti. Huo ni ukuta.

Nahodha alitaka kutia nanga nje, kwenye kina cha pima tatu (kama mita tano na nusu), halafu tuingie kwa mtumbwi mdogo tuliokuwa tukiukokota. Mimi ndiye niliyemwomba asogee karibu. Maji yalikuwa juu, mikoko imezama hadi shingoni, na ilionekana kwamba chombo kingeweza kufika hatua thelathini tu kutoka nchi kavu. Kamera zetu zingebaki kavu, na tungeokoa muda wa kutazama magofu kabla ya magharibi. Alinyamaza. Kisha akasema, "Haya. Muda wa saa moja tu. Ukipita, chombo si changu wala si chako."

Tukaingia. Kijana alipima kina kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akaiteremsha nanga ya pembe nne kwa mikono bila kuirusha, akailegeza amari, kamba ya nanga, polepole huku chombo kikirudi nyuma, kisha akaikaza mara moja kwa nguvu mpaka omo ikainama kidogo. Nahodha alichagua alama mbili nchi kavu, mbuyu na pembe ya ukuta, zilizopangana mstari mmoja. Zikiendelea kupangana, nanga imeshika, zikiachana, inaburura. Utaratibu wake ni kutoa pima tano za amari kwa kila pima moja ya kina, na kina hicho ni cha maji yakiwa yamejaa, hata kama chombo kimefika maji yakiwa machache. Juu ya matumbawe hatii nanga kabisa. Alisema jiwe lililochukua umri wa babu yake kukua huvunjwa na nanga kwa mvuto mmoja.

Mwongozo wetu, kijana mkazi wa kisiwa, alikuwa akitungoja chini ya mikoko, suruali imekunjwa magotini. Tulipanda ufuo kupitia penye msikiti mdogo ulio karibu kabisa na maji, kisha njia ikaingia kwenye vichaka na mji ukaanza.

Mji huu ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Una nyumba za mawe zaidi ya arubaini, misikiti sita, makaburi, na ukuta uliouzunguka. Haukujengwa juu ya magofu ya mwingine wala haukufunikwa na mwingine, kwa hiyo unatembea humo ukipita mlango hadi mlango kama mtu aliyekwenda kuwasalimu jirani akakuta wametoka. Mwongozo alitupeleka kwenye nyumba moja akanionyesha jambo ambalo sikulijua: akaniambia nipime upana wa chumba kwa hatua. Nikapata hatua tatu. Chumba cha pili, hatua tatu. Cha tatu hali kadhalika, ingawa urefu wa vyumba ulitofautiana sana. Kisha akaninyanyulia uso nitazame juu ya ukuta, palipo na safu ya matundu ya mraba. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba sakafu nzito ya chokaa ikizidi urefu fulani. Basi tajiri angeweza kurefusha chumba chake apendavyo, lakini upana aliamuliwa na mti ule ule tuliopita chini yake dakika kumi zilizopita.

Katika ukuta wa chumba cha ndani kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na pembeni mwa kimojawapo lipu imebanduka. Nikasogeza uso karibu. Jiwe lililochongwa kwa ajili ya pembe zile si sawa na lile la ukuta: ni tumbawe laini, linalokatwa likiwa bichi kutoka baharini, na juu yake vimetapakaa vijitundu vidogo kama alama za ncha ya sindano, kila kimoja makao ya mnyama mmoja. Ukingo wake ulikuwa bado mkali. Nilipitisha kidole na kikakwama kidogo penye kona.

Nilipotoka humo muda wa saa moja aliotupa nahodha ulikuwa umepita na nusu yake juu. Jua lilikuwa limezama, maji yamekwisha kugeuka.

Nahodha hakunigombeza. Alikuwa amesimama tezini, nyuma ya chombo, akivuta kamba ya mashine, na mashine haikuwaka. Plagi ilikuwa imelowa. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, shuwari isiyo na hata mkunjo. Tulijaribu upondo, kijana akisukuma omoni na binamu yangu tezini, lakini mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ulikwisha kugusa tope, na kila tuliposukuma, upondo wenyewe ulizama hadi kwenye ngumi. Saa mbili usiku nahodha aliweka upondo chini. "Tumepwelewa," akasema. "Tutafute magadi."

Kulikuwa na magadi mawili chomboni, nguzo za kuegemezea chombo, yamefungwa kando ya ubavu. Waliyasimamisha moja kila upande ili chombo kikae wima maji yakiondoka. La kulia lilishika. La kushoto lilizama taratibu kwenye tope, kidogo kidogo, na kufikia saa tatu mashua ilikuwa imelala ubavu wa kushoto kiasi kwamba chungu hakikuweza kukaa jikoni. Mwezi ulikuwa umechomoza. Mahali tulipopita na mtumbwi alasiri palikuwa uwanda wa tope linalong'aa, na kila mahali yalisikika maji yakinyonywa na vishimo vya kaa.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa kijijini, taa ya kichwani, mkononi fimbo ya chuma ya kutafutia pweza. Alituona tangu mbali, akageuza njia. Alisalimiana na nahodha kwa utani wa watu wanaojuana, akakizunguka chombo, akachuchumaa kutazama mkuku. Kisha bila kuombwa akaing'oa nanga yetu matopeni, akaiweka begani, akaondoka nayo kuelekea penye mfereji wa kina, kijana akimfuata na amari. Walizama hadi mapajani. Mara moja yule bwana alianguka kwa goti na kunyanyuka tena, nanga haijagusa chini. Walikwenda mpaka amari ikaisha, wakaunganisha kamba ya pili, wakaizika nanga kwenye mchanga mgumu wa ukingo wa mfereji. Maji yakirudi, alisema, mtajivuta wenyewe kwa kamba hiyo, msiingoje mashine.

Tulimkaribisha chakula. Tulikuwa tumeupika wali wa nazi nje, juu ya mafiga matatu ya mawe kwenye ufuo, na changu wawili tuliowanunua njiani kwa mvuvi kwa shilingi 8,000. Alikula kidogo, akatuachia pweza mmoja kwenye kopo la kukumbia maji, akaenda zake. Nilijaribu kumpa noti. Akavifunga vidole vyangu juu yake.

Tulilala kwa zamu kwenye mbao zilizoinama, migongo imeegemea mataruma, mbavu za chombo. Saa tisa na nusu usiku nilisikia maji yakigusa ubavu upande wa chini, kisha mbao zikalia. Mnamo saa kumi kasorobo mashua iliinuka kwa mtikisiko mmoja, ikakaa sawa. Wanne tukashika amari, nahodha akatoa sauti ya kuvutia, na chombo kikaondoka kuelekea nanga yake kama ng'ombe anayefuata kamba.

Jumapili, 20 Oktoba. Songo Mnara

Tulitia nanga upya kwenye pima tatu na nusu, mahali alipopataka nahodha tangu mwanzo, tukaingia kwa mtumbwi saa moja asubuhi.

Nimefurahi kwamba tuliuona mji mara ya pili kwa mwanga wa asubuhi, kwa maana jioni niliona kuta tu. Sasa niliona nafasi zilizoachwa wazi kati ya kuta. Katikati ya mji hakuna nyumba. Kuna uwanja wenye makaburi na msikiti mdogo, na milango ya nyumba nyingi inaelekea huko. Watafiti waliochimba hapa walikuta juu na kando ya makaburi vijiwe vyeupe vya kwazi na sarafu, kuonyesha kwamba watu waliendelea kuja kuwazuru wafu wao. Mwongozo wetu alivua kandambili alipokaribia kaburi kubwa, nasi tukafanya vivyo hivyo.

Kwenye ile nyumba kubwa inayoitwa kasri kuna ua uliochimbwa chini kidogo, na ngazi za mawe kuuzunguka, ambapo mtu anaweza kuketi. Tuliketi. Mwongozo alieleza kazi ya kukarabati: mahali hapa, pamoja na Kisiwani, paliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, pakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu ya mawimbi, mizizi na kuporomoka, pakatolewa mwaka 2014. Kati ya miaka hiyo wanakijiji walifundishwa kuchoma chokaa na kujengea kwa namna ya zamani, kwa kuwa saruji huubana ukuta wa matumbawe na kuupasua. Alitaja ukuta mmoja, akauwekea kiganja. "Huu tulifanya na baba."

Mavazi: suruali ndefu nyepesi na shati la mikono, kwa ajili ya mbu na pia kwa heshima ya kijiji. Viatu vyenye kufungwa mguuni kwa ajili ya matope. Kandambili za binamu yangu zilibaki humo hadi leo. Hakuna duka karibu na magofu wala maji ya kunywa. Ile dumu aliyotuongezea nahodha ndiyo tuliyoimaliza siku hii.

Kijijini tulifika mnamo saa nne asubuhi. Tulibisha hodi kwa mwenyekiti, tukaandika majina yetu. Habari zetu zilikwisha kutangulia: bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani alitupigia kelele kwa mbali akiuliza kama sisi ndio tuliolala kwa ubavu. Akatuketisha, akatuletea chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha wenye chumvi na nazi. Tulipoaga na kumshukuru alisema, "Mmelala mlangoni kwetu, wanangu, mtaondokaje na njaa?" Tulimwachia kilo ya mchele iliyobaki, nayo aliipokea kwa kuwa haikuwa malipo. Yule bwana wa pweza nilimuulizia. Alikuwa amelala, usiku mzima alikuwa baharini.

Saa sita mchana maji yalikupwa tena hadi mwisho, nasi tukatembea kwa miguu mahali ambapo jana tulielea. Bamvua ikiondoka inaacha wazi vitu ambavyo maji mafu hayavionyeshi: mizizi ya mikoko mipya iliyopandwa kuzuia mmomonyoko, mawe ya kale yaliyoporomoka kutoka ukingoni yakiwa yamelala kwenye tope na chaza zimeota juu yake, vipande vya vyungu ambavyo mwongozo aliviacha palepale na kutuomba tusiviokote. Na kati yake, alama ya chombo chetu. Mkuku ulikuwa umechora mfereji ulionyooka wenye urefu wa mashua yote, ubavu wa kushoto umechapa mbao zake moja moja kwenye tope, na kando yake tundu la duara, refu kama mkono, ambamo gadi lilizama. Nahodha alilichungulia muda mrefu. Alisema maneno machache tu: kwamba hata waliojenga pale walipwelewa mara nyingi, na kwamba huenda waliyataka matope hayo, kwa sababu adui naye hupwelewa.

Tuling'oa nanga saa tisa, upepo ukiwa nyuma yetu, tukafika Sanje ya Kati kabla ya jua kuzama. Huko kuna magofu ya zamani kuliko ya Songo Mnara, ikiwemo misingi ya msikiti, lakini vichaka vilikuwa vimefunga na giza likaingia, kwa hiyo sina la kueleza. Usiku ulipita salama kwenye mchanga mgumu, alama mbili zikiwa zimepangana kila nilipoamka kuzitazama. Niliamka mara nne. Pweza tulimla kwa mchuzi wa nazi na ndimu.

Jumatatu, 21 Oktoba. Kurudi

Tuliondoka alfajiri na maji makuu, tukaingia Masoko kabla ya saa tatu. Mwongozo wa kijijini tulimpa shilingi 30,000, na kwa jumla, bila nauli za basi wala ada za serikali, ambazo hubadilika na ni vyema kuziulizia ofisini, tulitumia kama shilingi 560,000 watu wawili. Wakiwa wanne gharama ya chombo hugawanyika vizuri zaidi, ingawa mashua ya ukubwa ule haifai kuchukua zaidi ya abiria wanne wanaotaka kulala.

Wakati wa kulipa nilimwomba nahodha radhi kwa ile nusu saa. Alihesabu fedha, akazikunja, akaniambia nikitaka kurudi nimpigie simu kwanza yeye ndipo niombe likizo. Ndani ya daftari langu, kwa kalamu yangu, aliandika saa za maji kupwa na kujaa za wiki mbili zilizofuata, bila kutazama popote.

Basi la mchana lilitufikisha Mbagala saa mbili na nusu usiku.

Juzi alinipigia. Alikuwa amewapeleka watu wengine Songo Mnara, wametia nanga nje kwenye kina. Nilimuuliza kama alama yetu ipo. Akasema aliitafuta maji yalipokupwa, mkuku umekwisha kufutika, lakini tundu la gadi bado lipo, na kaa ameshahamia ndani.